Ahadi Asiyoikumbuka Nilda Sotelo

Kwa miaka kumi na minne Nilda Sotelo alikuwa mteja wangu mkubwa kuliko wote, na sasa nikilifikiria hilo naona haya. Nina kibanda cha mbao kando ya barabara kuu hapa Paso Yatay, hatua thelathini kutoka kwenye kijumba cha maombi cha Gauchito, mtakatifu wetu wa barabarani. Nauza mishumaa myekundu, utepe mwekundu, sigara moja moja, na divai, ya chupa kwa wenye nazo na ya pakiti kwa sisi wengine. Anayepita na gari humwamkia Gauchito kwa honi tatu. Asiyetaka kumwamkia na apite, ila tairi likipasuka huko mbele asije kuniuliza kama nina jeki.

Mapadri wanamkunjia uso kwa sababu Roma haijamtangaza kuwa mtakatifu. Sisi hatukuingoja Roma. Askari walimning'iniza kichwa chini na kumchinja, mchunga ng'ombe wa watu, naye kabla hajakata roho akamwambia yule mwenye kisu: nyumbani kwako kuna mtoto mgonjwa, muombee kwa jina langu. Yule mtu akaenda, akamkuta mtoto hoi, akaomba, mtoto akapona. Anayemponya mtoto wa mchinjaji wake, unataka akuoneshe cheti gani tena?

Ila Gauchito hutoa na hudai. Ulichomwahidi, mpe. Usipompa, atachukua mwenyewe kile alichokupa, na hapo usilie. Hivi ndivyo tulivyolelewa, na hata wanaojidai hawaamini hupunguza mwendo wakifika hapa.

Nilda ni mpishi wa shule yetu ya msingi, mwanamke mfupi, mwepesi, anayetembea kama mtu aliyeitwa. Mumewe Anselmo hujenga nyua za waya kwenye mashamba ya ng'ombe na hukaa huko siku nyingi. Wana mtoto mmoja tu, Maira. Alipokuwa na miezi miwili, siku ya mvua kubwa, Maira alibanwa na pumzi hadi midomo ikawa ya buluu. Anselmo alikuwa mashambani, basi halikuja, na Nilda akasimama katikati ya barabara na mtoto mikononi mpaka lori la magogo likafunga breki. Lori lilipofika hapa kwa Gauchito dereva alisimama tena, maana wapo madereva ambao hawapiti bila salamu hata dunia ikiwaka moto. Nilda akashuka na mtoto wake, akapiga magoti kwenye tope, akaushika msalaba wa Gauchito. Mtoto akalia, kilio cha kwanza tangu alfajiri. Wakapanda tena, dereva akawashusha kwenye zahanati akaenda zake, na kutoka hapo gari la wagonjwa likawapeleka mjini. Baada ya mwezi mtoto alirudi amenawiri.

Mimi siku hiyo nilikuwa nimefunga kibanda kwa sababu ya mvua, lakini habari hiyo kila mtu Paso Yatay anaijua. Tulichokuwa hatukijui ni kile alichoahidi Nilda.

Muuza mishumaa haulizi ahadi za watu, kama vile muuza majeneza haulizi nani mgonjwa. Hata hivyo masikio ninayo. Wifi yake alipomuuliza, Nilda alisema aliahidi nywele za mtoto, na kweli, Maira alipotimiza miaka saba alinyolewa, msuko wake ukatundikwa kwa Gauchito. Mwalimu mkuu alipomuuliza, akasema aliahidi kuja kwa miguu kutoka mjini kila tarehe nane ya Januari, siku ya Gauchito, na kweli alikuja kila mwaka, kilomita kumi na tisa kwenye lile jua letu la kukaanga mayai. Mwingine akaambiwa sukari. Mwingine akaambiwa nguo mpya. Nikawa najisemea kwamba huyu mama aliahidi duka zima.

Kilichoniuma mimi ni kucheza. Kabla ya mtoto, akodiani ikianza tu kwenye sherehe, watu walikuwa wanawapisha Nilda na Anselmo katikati ya uwanja. Baadaye Nilda akawa anakaa kwenye kiti, mikono imebanwa katikati ya magoti. Anselmo alicheza na dada yangu mara mbili tatu, kwa adabu tu, mwishowe naye akakaa.

Basi, Jumatano ya wiki mbili zilizopita, saa sita mchana, namwona anakuja bila kofia, na aproni ya jikoni bado kiunoni.

"Doña Duvi, Maira anafunguliwa kifua," akasema. "Kumbe ile pumzi ya utotoni ilikuwa moyo. Kuna tundu, na limekua naye. Alhamisi, wiki mbili kuanzia kesho."

Nikampa kiti. Nikamwambia yale ambayo watu husema, kwamba madaktari wa siku hizi ni mafundi, kwamba binamu yangu alifunguliwa na sasa anakula nyama ya kuchoma kwa wawili. Hakunisikia.

"Anadai chake," akasema, akielekeza kidevu kwenye kijumba. "Na mimi sijui ni nini."

"Hujui nini?"

"Nilichomwahidi. Sikumbuki."

Nilidhani joto limempanda kichwani. Akanishika mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi.

"Nakumbuka tope. Nakumbuka msalaba ulikuwa na rangi mbichi, ikanishika kiganjani. Nakumbuka midomo yangu inakwenda. Maneno ndiyo hayapo. Nimeyatafuta miaka yote hii, Doña Duvi, hayapo."

"Anselmo anajua?"

"Nimwambie nini? Kwamba mtoto nilimuweka rehani na masharti nimeyasahau?" Akajifuta uso kwa aproni. "Kila ninachokipenda nasema labda ndicho hiki nilichokiahidi, naacha. Nilipoacha kucheza nililala usingizi mwezi mzima. Halafu nikaanza kujiuliza, je, kama ilikuwa sukari? Nikaacha sukari. Halafu nikaona naipenda sana kahawa."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Na yeye akacheka kidogo, kisha meno yakaanza kumgongana, mwezi wa kumi huo, joto la kuyeyusha mishumaa kwenye rafu. Hapo ndipo nilipoona haya. Miaka yote hiyo nilikuwa namfungia utepe na mishumaa kwenye gazeti, namwambia "karibu tena", na yeye alikuwa anabahatisha tu.

Tukaanza na magunia. Barua za zamani za waumini zimejazwa kwenye magunia chini ya paa la kijumba, na Nilda alikuwa na tumaini kwamba labda aliandika. Kusoma ahadi za wenzako ni kumchungulia mtu bafuni, lakini tulizisoma, alasiri mbili, jasho linatuchuruzika. Mmoja aliandika: Gauchito, nikiipata ile kazi ya ulinzi nitaacha kumwita mama mkwe kiboko. Mwingine: Mrudishe Rubén, na akisharudi nipe nguvu ya kumfukuza mwenyewe. Ya Nilda haikuwepo. Ingekuwepo vipi? Nani hupiga magoti kwenye mvua, mtoto anakata roho, akaomba kalamu? Wote wawili tulilijua hilo kabla ya kufungua gunia la kwanza.

"Na yule dereva?" nikamuuliza. "Si alikuwepo?"

"Alisimama nyuma yangu. Kofia mkononi."

"Basi alisikia. Kwa nini hukumtafuta siku zote hizi?"

"Kwa aibu, Doña Duvi. Asiyelipa ahadi ni mkosaji. Anayeisahau ni nani?"

Tukachukua ubao, tukaupaka rangi nyekundu, tukaandika kwa nyeupe: Dereva wa lori la kijani la magogo, uliyembeba mama na mtoto mchanga siku ya mvua, Machi, miaka kumi na minne iliyopita, tafadhali njoo au piga simu kibanda cha Eduviges. Ndilo jina langu lote, Duvi ni la kufupisha. Tukausimika mbele ya kijumba, mahali ambapo kila dereva anayewasha sigara ya kumwachia Gauchito lazima auone.

Kijiji nacho kikapata cha kutafuna. Kwenye baa wakawa wanamwambia Anselmo, "Bwana, mkeo anatafuta dereva wa zamani. Huyo mtoto kafanana na nani hasa?" Ijumaa nilimwona Anselmo anakuja na baiskeli, shingo imemvimba, na wanaume watatu nyuma yake waliokuja kuangalia sinema ya bure. Akausoma ubao kutoka juu hadi chini. Nikajua leo utavunjwa.

"Doña Duvi, una brashi?" akaniuliza.

"Ninayo. Ya nini?"

"Herufi ni ndogo. Mtu akiwa kwenye lori haoni."

Kumbe Nilda alikwisha kumwambia yote asubuhi ile. Akapiga magoti akaandika upya, herufi kubwa kama mkate, na wale watatu wakaondoka mmoja mmoja.

Simu zilikuja. Madereva wanaupiga picha na kutumiana, na mpaka Jumatatu ubao wetu ulikuwa umefika kwenye simu za watu nisiowajua. Mmoja alitupigia kutusalimia tu. Mwingine alisema kwa sauti nzito kwamba ndiye yeye, anakumbuka vizuri, mama aliahidi ng'ombe jike, na ng'ombe huyo apelekwe kwake yeye kwa niaba ya Gauchito. Nilda alikwisha kuvua aproni kwenda kumtafuta mwenye ng'ombe wa kukopesha.

"Lori lako lilikuwa rangi gani?" nikamuuliza yule bwana kwenye simu.

"Jekundu," akasema.

"Basi huyo ng'ombe mpelekee mama yako," nikamwambia, nikakata.

Siku zikaenda. Nilda akakonda mbele ya macho yangu. Alikuwa anatoka jikoni shuleni mara tano kwa siku kuja kuuliza kama simu imelia. Alianza kuogopa vitu vidogo, mshumaa ukizimika, mbwa akilala mlangoni. Maira ndiye aliyekuwa anakaa nami, ananisaidia kukata utepe. Ni msichana mrefu, domo jepesi, na anachoka haraka lakini hataki useme.

"Doña Duvi," akaniambia mchana mmoja, "mtu akilazwa usingizi wa dawa, anaota?"

"Sijui, mwanangu."

"Nikiota vibaya halafu nishindwe kuamka je?"

"Utaamka. Na wewe ulivyo mbishi."

Akakata utepe mwingine. "Mama ananiangalia kama maziwa jikoni. Tangu nizaliwe. Hata nikikohoa kwa pilipili anakuja mbio. Mimi siogopi Gauchito, naogopa siku mama atakapokumbuka."

Nikamwambia apime utepe vizuri, anapunja wateja.

Jana, Jumanne, kukiwa kumebaki siku mbili, lori jeupe lisilo na tela lilipiga honi tatu, likasimama. Akashuka mzee mnene, mwenye tumbo la heshima, akauendea ubao, akasimama mbele yake na simu mkononi, anaangalia picha, anaangalia ubao, anaangalia picha.

"Nani ameandika hii?" akaniuliza.

"Wewe nani kwanza?"

"Hilario Bogado. Siku hizi nabeba chai huko kaskazini, barabara hii nimeiacha miaka mingi. Lakini lile lori la kijani lilikuwa langu."

Nilikuwa sijamtajia rangi, ila ubao ulikuwa umeitaja, kwa hiyo nikamuuliza mama yule alivaa nini. Akasema alikuwa hana kiatu cha kulia, kilibaki kwenye tope pale alipopanda. Hilo sikuwahi kulisikia. Nikampa kiti, nikatuma mtu shuleni.

Nilda alifika mbio, mwiko bado mkononi, na Maira nyuma yake na chupa ya tereré, chai yetu ya baridi, kwapani na kipande cha mkate wa jibini mdomoni. Hakumsalimu mzee. Aliangalia miguu yake mwenyewe nilipomuuliza habari ya kiatu, akaitika kwa kichwa tu, kisha akamgeukia.

"Siku ile pale msalabani," akasema, "ulinisikia?"

Mzee akavua kofia. "Nilikusikia, mama."

"Nilisema nini? Niambie, baba. Lolote lile. Hata kama ni mkono wangu, niambie niukate leo."

"Hukusema kitu."

"Midomo yangu ilikuwa inakwenda. Nakumbuka."

"Ilikuwa inakwenda. Ulikuwa unamwita mama yako. Mama, mama, mama. Basi, hilo tu."

Nilda akauweka mwiko chini. Mama yake Nilda alifariki yeye akiwa msichana, hilo najua mimi, nilikuwepo mazishini.

"Sikuahidi?"

"Hukuahidi. Nilisimama nyuma yako nikingoja uahidi, maana hivyo ndivyo inavyofanyika. Ninangoja, na wewe unaita mama tu, na mtoto naona anakwenda. Nikaona hapa tutachelewa. Nikaahidi mimi."

Lori likapita, likapiga honi tatu, na hakuna aliyegeuka. Mimi nikaitupa kanuni yangu ya miaka yote ya kutouliza ahadi za watu.

"Uliahidi nini, Don Hilario?"

"Divai." Akatazama chini kama mtu anayeungama. "Nilikuwa naipenda kupita kiasi. Nikasema, Gauchito, sitaionja divai mpaka nijue mtoto huyu amepona."

"Na ukaionja?"

"Bado."

Akatueleza huku anaizungusha kofia. Wiki mbili baada ya siku ile alirudi kwenye zahanati kuuliza. Muuguzi akamuuliza jina la mtoto, na yeye hakuwa na jina, la mtoto wala la mama. Akaambiwa watoto wanaopelekwa mjini ni wengi, wako wanaorudi na wako wasiorudi.

"Sikuuliza tena," akasema. "Niliogopa kujibiwa. Harusi ya binti yangu nimeinua glasi ya maji. Mke wangu nilimdanganya kwamba nina ugonjwa wa ini." Sauti ikamshuka. "Mama, nisamehe kwa swali hili, nimekuja njia nzima najizuia. Yule mtoto je?"

Nilda akageuka, akamtazama binti yake.

"Ni mimi," akasema Maira, akimeza mkate.

Yule mzee alitafuta kiti kwa mkono nyuma yake, hakukipata, akakaa chini kwenye vumbi na ukubwa wake wote. Akamwangalia msichana kuanzia viatu hadi nywele. Hakulia, alikuwa anatabasamu tu. Aliyelia ni Nilda. Alilia kwa nguvu, amemwegemea Maira begani, na katikati ya kilio nikamsikia anasema, "Kwa hiyo ningeweza kucheza." Akalirudia mara mbili, na mimi moyo wangu ulipasuka, nasema ukweli.

Nikafungua chupa ya divai, ile nzuri, ya wenye nazo. Nikajaza kikombe nikampelekea mzee pale chini. Alikipokea kwa mikono miwili, akakinusa, akafumba macho. Maira akamwambia, "Kunywa, mzee, si umeniona?"

Nilda ndiye aliyemzuia. Angeweza kunyamaza. Alijifuta pua akasema, "Don Hilario, siwezi kukudanganya. Keshokutwa anafunguliwa moyo."

Mzee akafumbua macho. Akamwangalia Maira, akakiangalia kikombe, akamwangalia tena Maira, safari hii kwa muda mrefu, na nikaona hofu inamwingia kama ilivyotuingia sisi. Akanirudishia kikombe, hakijapungua hata tone. Akaniomba kalamu. Akamuuliza msichana jina lake lote na la hospitali, akayaandika kiganjani, akamsomea ili amsahihishe.

"Niwekee hiyo divai," akaniambia. "Nitakuja kuinywa Ijumaa."

Leo asubuhi basi la mjini limewachukua Nilda, Anselmo na Maira, na lile lori jeupe limelifuata kwa nyuma. Kabla ya kupanda, Nilda alikuja kibandani, nami kwa mazoea nikanyoosha mkono kuchukua mshumaa. Hakutaka mshumaa. Alinishika mkono tu, akaenda. Kikombe kiko kwenye rafu yangu, nimekifunika kwa kisahani ili nzi wasiingie, na tangu asubuhi nimeinuka mara sita kukiangalia.